Dakika Kumi na Nane za Taichung

Ijumaa ile jioni duka kubwa la Neihu lilikuwa limefurika watu utadhani mchele unagawiwa bure. Kang Yiju alipenya katikati ya vigari vya kusukuma, koti lake la mvua la rangi ya chungwa likidondosha maji sakafuni, nywele zake fupi zimemganda shavuni. Hakuwa na haja ya mchele wala mboga. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya vitafunio, na roho ilikuwa juujuu, maana alijua kila fundi wa mitambo mjini Taipei alikuwa na safari hiyohiyo.

Mifuko ya njano ilikuwa tele. Myekundu, tele. Wa kijani ulibaki mmoja.

Akanyoosha mkono. Mkono mwingine ukafika kwanza.

"Samahani, kaka. Huo ni wangu."

"Umeandikwa jina?" Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, miwani imeteremka puani kama ya mwalimu mkuu.

"Nimeuona tangu kule kwenye mayai."

"Mimi nimeuona tangu kwetu Pingtung, kusini kabisa."

"Basi chukua wa njano. Si chakula ni kilekile?"

"Wa njano!" Jamaa alishtuka kwelikweli. "Dada, unanitakia mabaya? Nikiweka wa njano juu ya mitambo, si zitawaka taa za hatari zote?"

Yiju akacheka bila kutaka. Kumbe na huyu ni wa kwao. Kisiwa kizima hakuna anayegombea rangi ya mfuko wa vitafunio vya Kuai Kuai isipokuwa watu wanaolinda mashine. Jina lenyewe ni maneno ambayo mama humwambia mtoto mtundu: tulia, uwe na adabu. Weka mfuko wa kijani juu ya mashine, na mashine itatulia. Lakini sharti uwe wa kijani, usifunguliwe, na usipite tarehe yake. Msinicheke. Nimewaona watu wenye shahada tatu wakifanya hivyo, tena wakiinamisha kichwa kidogo.

"Una mitambo gani wewe?" Yiju akauliza.

"Jumatatu naanza kazi kwenye mtandao wa watu. Ruta mia saba na sitini, zote zimerundikwa eneo moja kama ukoo uliokataa kugawana nyumba. Aliyeujenga, mimi sijui alikuwa anawaza nini."

Yiju akashusha mkono. Ruta mia saba na sitini, eneo moja. Mtandao wa namna hiyo alikuwa anaujua mmoja tu.

"Aliyeujenga ni mimi," akasema.

Jamaa akamtazama. Akautazama mfuko. Kisha kwa mikono miwili, taratibu, akauweka ndani ya kikapu cha Yiju.

"Naitwa Ou Poyen," akasema huku akiinama. "Tutaonana Jumatatu. Kama kazi bado ninayo."

*

Kazi alikuwa nayo. Meneja Tu, bosi wa Yiju, mtu wa kitambi na maneno matamu, alikuwa amemkodi kutoka kampuni nyingine kwa sababu maji yalikuwa yamefika shingoni. Kazi ya ruta ni kujua data ipite njia ipi ili ifike. Katika mtandao wa Yiju, kila ruta ilijua habari za zote nyingine. Zilipokuwa arobaini, hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Sasa waya mmoja ukilegea kule Hualien, ruta zote mia saba na sitini zilishtuka zikaanza kupiga hesabu upya, na simu ya Yiju ikalia.

Simu hiyo ililia kwenye harusi ya binamu yake. Ililia akiwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na kwa miaka sita hakuwahi kutazama filamu hadi mwisho. Akikaa anatingisha mguu. Akila anakula amesimama. Mama yake alimwambia kwamba hata kwenye picha za familia anaonekana kama mtu aliyesahau jiko linawaka.

"Tuugawe," Poyen alisema siku ya kwanza, akichora miduara ubaoni. "Kaskazini, kati, kusini, mashariki, na uti wa mgongo wa kuziunganisha. Kila mkoa ujue mambo ya nyumbani kwake, nje utoe muhtasari tu. Waya ukilegea Hualien, Taichung haina haja ya kujua."

"Na mimi je?"

"Wewe una haja ya kulala."

Meneja Tu akakohoa. Yiju akaangalia kando, uso umemwiva.

Ndivyo yalivyoanza. Mchana walikuwa wakigawana wali wa nyama kwenye kibanda nyuma ya ofisi, magoti yao yakigongana chini ya meza ndogo ya bati. Poyen alikuwa anakula polepole kama mzee, na hilo lilimtia Yiju wazimu.

"Wewe utamaliza lini?"

"Nikishashiba. Unakimbilia wapi, Bi Mkubwa wa Ruta?"

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Mpenzi?"

"Niite Mhandisi Kang."

"Haya, Mhandisi Kang mpenzi."

Yiju akamrushia kijiti cha kulia wali. Siku iliyofuata alivaa sweta la kijivu ambalo dada wa mapokezi alisema linamkaa vizuri, akajiambia amelivaa kwa sababu ya baridi.

Hata kazini walitaniana. Unapobadilisha ruta iliyo mbali, kosa dogo tu linakufungia mlango, ukabaki nje huna la kufanya. Kwa hiyo mafundi wana kinga yao: kabla ya kugusa chochote, unaiamuru ruta ijizime na kuwaka upya baada ya dakika kadhaa. Ukijifungia nje, itaamka na mambo yake ya zamani, utaingia tena. Ukifanikiwa, unaifuta amri hiyo halafu unahifadhi kazi yako. Karibu kila fundi huweka dakika kumi. Yiju aliweka kumi na nane.

"Kumi na nane!" Poyen alisema. "Unasubiri nini humo, chai iive?"

"Nane ina heri. Halafu dakika kumi hazinitoshi kuogopa."

"Huyu mwanamke ana ratiba ya kuogopa!" Poyen alicheka hadi akavua miwani kufuta macho. Yiju alimtazama akicheka, akajua amekwisha. Alikuwa anampenda mtu huyu, na kumpenda kulimfanya ahangaike kuliko kengele zote za Hualien.

*

Kazi ya Taichung, kitovu cha mkoa wa kati, ilipangwa Jumapili alfajiri, ya mwisho kabla ya pilikapilika za mwaka mpya, maana siku za mwaka mpya ni marufuku kugusa mtandao. Poyen alitangulia Taichung tangu Jumamosi, akae karibu na mashine likitokea la kutokea. Yiju alibaki Taipei mbele ya skrini zake mbili. Ya kulia ilikuwa ruta ya Changhua, jirani ya Taichung. Ya kushoto ilikuwa ruta ya Taichung yenyewe, kwenye dirisha ambalo Poyen alilifungua Ijumaa walipokuwa wakijaribu amri zao.

Saa kumi na mbili kasorobo Yiju akaweka kinga, akaanza. Aliandika mipaka ya mkoa wa kati, akaandika muhtasari wa njia zake, akasubiri. Ruta za jirani zikaitambua Taichung kwa sura yake mpya, moja baada ya nyingine. Jedwali la njia lililokuwa na maelfu ya mistari likashuka hadi mia tatu na kitu. Yiju akapiga makofi peke yake ofisini kama mwehu.

Simu ikalia.

"Umeona?" Poyen alisema kwa furaha.

"Nimeona! Poyen, mia tatu! Mia tatu!"

"Nimesimama hapa natamani kuibusu hii mashine."

"Usiibusu, ina vumbi."

"Basi nitambusu aliyeifunza adabu. Yiju, sikiliza. Mwaka mpya twende Pingtung."

"Kufanya nini?"

"Kula. Mama anataka kukuona."

Kwetu kijana hampeleki msichana kwao siku za mwaka mpya kwa ajili ya kula tu. Yiju alilijua hilo, na mama wa Pingtung alilijua pia. Masikio yakamwaka moto. Simu ameibana begani, kicheko kimemkaba, akaandika kwenye kibodi amri ya kufuta kinga, akaandika ya kuhifadhi.

"Umenyamaza," Poyen akasema.

"Ninafanya kazi."

"Jibu kwanza."

"Nitakuja, we mtu! Nitakuja. Mama yako anapenda nini?"

Wakaongea tena kidogo juu ya zawadi, chai ya mlimani au keki za nanasi, wakabishana, na saa kumi na mbili na dakika tatu ruta ya Taichung ikazima.

Ilipowaka ilikuwa imerudia mambo yake ya zamani, nazo jirani zake zote zilikuwa zimeshahamia kwenye mapya. Hazikuelewana tena. Mkoa mzima wa kati ukakatika kwa dakika arobaini na moja. Watu walisimama madukani na maziwa yao ya soya na chapati za mayai, kadi hazisomi. Meneja Tu akapigiwa simu na wakubwa wanane kabla hajapiga mswaki.

*

Jumatatu Meneja Tu alifika na ukurasa mmoja. Kwanza alikuwa amekagua mfuko wa kijani juu ya mitambo, akakuta tarehe yake haijapita, akasikitika, kwa kuwa hiyo ingekuwa sababu rahisi.

"Iko wazi," akasema. "Amri ya kuzima na kuwaka iliwekwa kwa jina la Ou Poyen, na haikufutwa. Soma."

Yiju akasoma. Jina lilikuwa la Poyen kweli. Yeye mwenyewe alikumbuka kabisa kwamba kinga yake aliifuta, vidole vyake vilikumbuka. Kwa hiyo Poyen, kule alikokuwa, alikuwa amechomeka waya wake akaweka kinga yake ya pili, bila kusema, kisha akampigia simu ya mapenzi na kuisahau.

Hasira ikampanda. Akatoka hadi kwenye ngazi, akapiga simu.

"Uliingia kwenye ruta yangu bila kuniambia!"

"Habari za asubuhi na wewe," Poyen akasema. "Mimi? Sikugusa kitu."

"Jina lako limo kwenye ukurasa wa Tu!"

"Basi kuna kitu hakijakaa sawa. Angalia tena. Angalia kumbukumbu yote, siyo ukurasa wa Tu."

"Poyen, ungekuwa muungwana ungesema tu, nimesahau. Watu hukosea."

Yiju alisikia pikipiki zikipita upande wa pili.

"Yiju. Unaniuliza, au unaniambia?"

"Nakuambia!"

"Haya," Poyen akasema kwa sauti ndogo. "Nimeambiwa." Akakata.

Yiju akarudi ndani na kutia sahihi kwenye ukurasa wa Tu. Alikandamiza kalamu hadi karatasi ikachanika kidogo, akasema ni hasira. Jioni ile kampuni ya Poyen ikamwondoa kwenye mradi na kumsimamisha kazi. Siku ya pili yake meza yake ilikuwa tupu. Hakupiga simu. Yiju naye hakupiga, kiburi hicho, akingoja aombwe radhi.

Siku za mwaka mpya alikaa kwa mama yake, mtaa wa Sanchong, akichezea chakula.

"Mwanangu, ulisema utakwenda kusini," mama yake akasema.

"Sikwenda."

"Hilo naliona, macho ninayo. Mmegombana?"

"Alifanya kosa akakataa kulikubali."

"Aa. Na wewe ulimsikiliza?"

"Mama, kula samaki."

"Samaki nakula tangu asubuhi. Nimekuuliza wewe."

Yiju akainuka akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari. Usingizi haukumjia siku zile. Mkoa wa kati ulikuwa umetulia baada ya kurekebishwa, simu ililia mara chache, na katika ukimya huo aligundua kwamba alikuwa anaishika simu kila dakika kwa sababu nyingine kabisa.

*

Likizo ilipokwisha, kazi ya mkoa wa kusini ilimwangukia peke yake. Ili kujiandaa akaomba kumbukumbu kamili ya Taichung, kila amri na saa yake, apate kuinakili hatua kwa hatua. Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana, ofisi inanuka chai ya maziwa. Akaanza kusoma, kalamu mdomoni.

Mstari wa nne ulikuwa ndio ule. Jina: Poyen. Amri: jizime na uwake upya. Muda: dakika kumi na nane.

Kalamu ikaanguka.

Akaangalia ilikotoka amri hiyo. Haikutoka Taichung. Ilitoka hapahapa kwenye meza yake, skrini ya kushoto, dirisha la Poyen ambalo yeye Yiju mwenyewe aliandikia kazi yote ya asubuhi ile bila kufikiri limefunguliwa kwa jina la nani. Basi ile amri ya kufuta aliiandika wapi? Akaifungua kumbukumbu ya Changhua, skrini ya kulia, na humo akajikuta, kwa jina lake kamili: futa kinga. Chini yake ruta ilikuwa imemjibu vizuri kabisa: hakuna kinga ya kufutwa hapa. Amri zote mbili, ya kufuta na ya kuhifadhi, alikuwa ameziandika kwenye dirisha la pili. Jibu hakulisoma. Alikuwa anacheka na simu.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti. "Nimemfanya nini huyu mtu?"

Akainua karatasi zake akaenda mbio kwa Meneja Tu. Tu alisikiliza, akafunga mlango, akakaa.

"Mhandisi Kang. Ripoti imefungwa. Wakubwa wameridhika. Mwezi wa nne unapanda cheo, jina lako nimelipeleka mimi. Yeye ni mtu wa nje, atapata kazi kwingine."

"Hakukosea."

"Hayo tunayajua wewe na mimi."

"Na yeye anayajua!" Yiju alipaza sauti hadi mwenyewe akashtuka. "Amekaa huko mwezi mzima anayajua peke yake."

"Ukiandika ripoti mpya, itabidi nikutoe kwenye mradi. Ni kazi yako ya miaka sita hiyo."

Yiju alitazama ukutani, kwenye ramani ya mtandao wake, kila kidoto alikijua. Ilimuuma, tusidanganyane. Alitamani kidogo, kwa muda wa pumzi mbili tatu, kuinuka na kurudi mezani kwake kana kwamba mstari wa nne hakuuona.

"Nitoe," akasema.

Aliandika kurasa tatu. Aliweka saa, dakika, dirisha la kushoto na la kulia, amri zote mbili, na jibu ambalo hakulisoma. Aliandika kwamba mshiriki wa mradi alimwomba aangalie kumbukumbu na yeye alikataa. Akaituma kwa wakubwa wote, kwa kampuni ya Poyen na kwa Poyen. Jioni hiyo alitolewa kwenye mradi, kama alivyoahidiwa. Kutoka kwa Poyen hakikuja kitu. Wala Alhamisi. Wala Ijumaa.

Jumamosi asubuhi akapanda treni ya kasi.

*

Pingtung kulikuwa na jua kali, na koti la mvua la Yiju lilimfanya aonekane kama mtu aliyeshuka kutoka nchi nyingine. Shamba la akina Ou alielekezwa na muuza mafuta wa kituoni. Alimkuta Poyen kati ya miti ya matofaa, mabuti ya mpira miguuni, kofia ya majani kichwani, anachuma matofaa mekundu kutoka ndani ya vifuko vinavyoyakinga mtini na kuyapanga kwenye kreti. Mtu huyu wa majedwali ya njia alikuwa ameungua na jua mpaka shingoni. Yiju alikuwa ameandaa hotuba tangu treni ilipopita Taoyuan. Ikapotea yote.

"Habari za mchana," akasema kwa kujikaza.

Poyen hakugeuka mara moja. "Ripoti yako nimeisoma."

"Hukujibu."

"Nimeisoma mara nne. Nilikuwa natafuta mahali palipoandikwa neno samahani. Kurasa tatu, Yiju. Kuna saa, kuna sekunde. Samahani haimo."

"Ile ilikuwa ya wakubwa. Samahani yako nimeileta mwenyewe."

"Ilete."

Yiju akavua koti, akalishika kwa mikono miwili, akainama mpaka kiunoni kwenye vumbi lile. "Nisamehe. Nilikosea mimi, nikakulaumu wewe, nikatia sahihi. Nilipoona, nililia chooni ofisini mpaka dada wa mapokezi akaniletea maji. Nakupenda, na nilikutendea kama adui. Nisamehe, Poyen."

Poyen akaweka tofaa kwenye kreti, akachukua jingine.

"Unajua kilichoniuma? Siyo kazi. Kazi wamenirudishia juzi, wameniomba radhi kwa barua yenye mhuri. Kuandika kwenye dirisha lisilo lake, nani hajawahi? Mimi niliwahi kuizima Tainan nzima kwa namna hiyohiyo."

"Tainan? Ile ya mwaka juzi ulikuwa wewe?"

"Usinichekeshe, bado nina hasira." Lakini mdomo ulishamcheza. "Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa na mimi kwenye simu, mtu uliyekubali kuja kwao, na hukuniuliza hata swali moja. Karatasi ya Tu uliiamini kuliko mimi."

"Ndiyo," Yiju akasema. Hakujitetea, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa gumu kuliko kuinama.

Yiju hakutingisha mguu. Hakujua akae au aondoke, na treni ya kurudi ilikuwa saa kumi.

"Poyen!" Mwanamke mfupi mwenye glavu za maua alitokea kati ya miti, kikapu mkononi. "Mgeni wa watu umemsimamisha juani? Ni nani huyu?"

Poyen akafuta mikono kwenye suruali. "Mama, huyu ndiye Yiju."

"Yule wa ripoti?"

"Huyohuyo."

Mama akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, bila haraka, kama mtu anayechagua samaki. "Mwembamba. Umekula, binti?"

"Bado, mama. Shikamoo."

"Hajala," mama akamwambia mwanawe kwa ukali, kana kwamba hilo ndilo kosa kubwa katika habari yote. "Mwaka mpya niliweka bakuli la mtu, likakaa tupu siku tatu. Sasa amekuja wakati ambao hapana hata samaki. Haya, nani wako huyu? Niwaambie nini majirani? Wameshachungulia."

Poyen akavua kofia. Akamtazama Yiju muda mrefu.

"Waambie ni mchumba wangu," akasema. "Kama atakubali kutia sahihi."

"Sitii," Yiju akasema.

Mama akashusha kikapu. Poyen akabaki ameshika kofia kifuani.

"Sitii sahihi kitu kabla sijauliza," Yiju akasema, machozi yanamtiririka na yeye hayafuti. "Nilipaswa kuuliza siku ile, sikuuliza. Sasa nauliza mbele ya mama yako. Poyen, bado una hasira na mimi?"

"Ninayo."

"Nyingi?"

"Ya kunitosha mpaka mwezi wa sita."

"Na bado unanipenda?"

"Ningekuwa sikupendi hasira ingeisha siku ileile."

Yiju akavuta pumzi. Lilimrudia lilelile la siku ya karatasi ya Tu, lakini safari hii hakuliita hasira. Aliogopa, na alitaka.

"Basi nimesoma yote," akasema. "Nakubali. Na hasira yako nakubali nayo, ije tukae pamoja."

Poyen akamfuata akamshika, mabuti, vumbi na yote, mbele ya majirani. Mama yake akaokota kikapu na kuelekea nyumbani, akiwapigia kelele bila kugeuka kwamba wali unaiva, watakumbatiana baadaye, na huyo binti asithubutu kula amesimama.